Mchumba Wangu Alicheka Kaka Yangu Kiziwi Akisomewa Haki Zake

Admin, jina langu liache, na kituo chenyewe usikitaje. Nina miaka ishirini na tisa, nashona yunifomu za shule hapa mtaani Huruma. Nimechumbiwa na polisi, na mwezi ujao watu wake wanaenda kwetu Kakamega kupeleka mahari. Lakini siku hizi akinishika mkono nauchomoa.

Kaka yangu mkubwa ni kiziwi tangu utotoni. Kazi yake ni kuchomelea milango ya chuma. Alhamisi moja asubuhi polisi walikuja kutafuta mtu aliyeiba mashine kwenye karakana ya jirani. Wakamwita kwa nyuma asimame. Hakugeuka, angesikiaje? Wakasema anakaidi, wakampiga rungu mbele ya wateja wake, wakambeba.

Nilifika kituoni nikikimbia. Kwenye kaunta walikuwa mchumba wangu na mkubwa wake wa kazi. Kaka alikuwa ameketi sakafuni, bila viatu, mdomo umevimba, akiniuliza kwa mikono, "Nimefanya nini?" Nikaomba nimfasirie, maana sheria inasema mtu aambiwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoelewa. Yule mkubwa akanisukuma kando. Akamwinamia kaka, akapaza sauti: "Una haki ya kunyamaza!" Kisha akawageukia wenzake. "Lakini hiyo si amezaliwa nayo!"

Walicheka wote. Mchumba wangu alicheka mpaka akajifuta machozi. Mtu ambaye kaka alimfundisha kusema asante kwa mikono, mezani kwetu!

Walipaswa kumfikisha kortini ndani ya saa ishirini na nne. Ijumaa ikapita. Jumamosi mchumba wangu akanijia na karatasi. "Weka sign hapa, babe. Ni ya kumtoa. Leo mchana yuko nyumbani." Mimi mjinga nikatia sahihi bila kusoma, hata nikamshukuru.

Kaka hakutoka. Jumatatu ndipo walipompeleka kortini, na hapo ndipo nilipojua nilichotia sahihi: maelezo kwamba kaka amekiri wizi, na kwamba mimi nilikuwepo nikimfasiria kila neno. Mkalimani wa korti alipomweleza, kaka alinitafuta kwa macho kule nyuma nilikoketi. Akauliza kwa mikono, polepole, "Wewe ulisema nimeiba?"

Sasa yuko nje kwa dhamana. Wakili anayemtetea bure anataka nitoe ushahidi kwamba sikumfasiria hata neno moja. Mchumba wangu anasema, "Ukisema hivyo kazi yangu imeisha, na wewe utashtakiwa. Kwani ni mimi nilikuandikia hiyo sahihi?" Anasema hayo akimega chapati nilizompikia mimi. Mama naye ananisihi ninyamaze, ati mume mwenye kazi ya serikali nitampata wapi tena. Yaani hata mama!

Ninamchukia huyu mwanaume, na nikijitazama kwenye kioo ninajichukia zaidi. Kila nikiinua mikono kumweleza kaka ukweli, anafumba macho. Kwake huko ndiko kuziba masikio.

Kesi inasikilizwa wiki ijayo. Mnaojua sheria, nikisema ukweli nitafungwa? Na nyinyi wengine, pete ya huyu mtu niivue kabla ya kwenda kortini, ama baada? Niambieni, jamani, hata kwa ukali. Nifanyeje?