Vitabu vya Lori la Baba

Kitabu cha magari ya kijeshi hakinunuliwi kwa jalada. Hilo nalisema mbele ya mtu yeyote, na anayebisha aje bandani kwangu Manyamanyama tubishane. Jalada utalikuta lina kifaru kinachotimua vumbi, moto nyuma, anga jekundu; ndani hakuna kitu cha kumsaidia mtu mwenye wembe na gundi mkononi. Mimi nikipewa kitabu nakifungua katikati, natafuta picha iliyopigwa chini ya gari. Kama mpiga picha hakukubali kulala chali akachafua shati lake, huyo gari hakulijua, na kitabu chake kifungie maandazi.

Kazi yangu ni kutengeneza simu hapa Bunda, na mkono uliozoea skrubu ndogo kama mbegu za mchicha hauogopi kazi nyingine. Jumapili baada ya kanisa najenga mifano ya magari ya jeshi. Plastiki natoa kwenye madumu ya mafuta ya kula, nyaya kwenye chaja zilizokufa, bati kwenye makopo. Kila kitu nakipunguza mara thelathini na tano, kwa hiyo gari la mita saba linatoka sentimita ishirini, unalibeba kiganjani. Majirani wameshazoea. Mke wangu bado.

"Baba watoto," huniambia, "wenzako wananunua ng'ombe, wewe unanunua picha za matairi."

Namjibu kwamba ng'ombe hufa, picha haifi. Naye hunijibu kwamba picha haikamuliwi, na hapo mazungumzo huishia.

Magari mengi nimeyajenga kwa raha zangu. Lori moja nililijenga kwa sababu nyingine. Baba yangu, anayeishi Butiama, aliendesha lori la jeshi katika vita vya Kagera. Tangu utotoni nilijua hilo, na tangu utotoni sikujua zaidi ya hilo. Ukimuuliza, anakujibu, "Nilikuwaga dereva," kisha anauliza kama ng'ombe wameshanyweshwa. Huku kwetu Mara ni nadra kupata ukoo usio na mtu aliyevaa gwanda, na wengi wao wakishapata pombe kidogo wanavipigana vita upya mpaka viti vinaanguka. Baba hanywi, na hasimulii.

Sasa amezeeka, magoti yamechoka, na mimi nikaingiwa na hofu ambayo sikuwa na haja ya kuelezwa na mtu: tutamzika na lori lake, nasi watoto tubaki na neno moja tu, dereva. Nikajiambia kwamba nikilijenga lori lile lenyewe, kila nati mahali pake, nikamwekea mbele yake, mdomo utafunguka. Nilichotaka ni aseme, "Ndiyo hii." Mengine yangefuata yenyewe.

Nilikuwa na picha moja tu ya kuanzia, ile inayoning'inia sebuleni kwake. Kijana mwembamba ameegemea gari, ameliziba karibu lote. Linaonekana boneti, taa moja na tairi moja, basi. Kwa hiyo nilihitaji vitabu.

Musoma, karibu na soko, yupo mama mmoja anayeuza vitabu vya mtumba, vile vinavyokuja vimechanganyika, vya mapishi na vya watoto na vya hesabu. Anakaa kwenye kigoda, ushungi wake umetulia, naye ananiita Kamanda.

"Kamanda, leo nimekuwekea cha meli za vita."

"Mama, meli za vita nizipeleke wapi?"

"Basi chukua hiki cha keki, mkeo apate kufurahi."

Kwake ndiko nilikopata kitabu cha kwanza, kikubwa, karatasi zinateleza. Nilikinunua kwa pupa, na haraka haraka haina baraka. Magari yote mle yalikuwa yamechorwa kwa rangi, na mchoraji, kila alipofika sehemu asiyoijua, alimwagia vumbi. Nilipata lori lenye boneti la kufanana na lile la picha, nikalijenga, na pale kwenye vumbi nikabuni. Baba aliligeuza mara moja, akanirudishia kwa adabu kabisa.

"Hii siyo," akasema.

Kitabu cha pili kilikuwa cha mwalimu mmoja wa Nyamuswa. Ndani yake mlikuwa na michoro ya lori lile lile la ukutani. Boneti ndilo, taa ndiyo, sikuwa na shaka hata kidogo. Mwalimu haazimishi vitabu, nami simlaumu, maana hata mimi siazimishi. Alinisindikiza mwenyewe mpaka kwenye duka la fotokopi, kitabu amekikumbatia kifuani. Ukurasa ulikuwa mkubwa na karatasi ya mashine ilikuwa ndogo, na dada wa duka, kwa wema wake, akaipunguza picha ili pembe zisikatwe. Lori likasinyaa. Maandishi ya kipimo chini ya mchoro yakabaki yanasema vilevile, nami nikayaamini kama amri kumi.

Tatizo ni kwamba matairi sikuyatoa kwenye mchoro. Nilikuwa nimeshapima tairi la lori linalobeba pamba, kwa futi ya fundi cherehani, huku dereva wake akiniuliza kama nataka kulishonea suruali. Matairi yakatoka ya kweli, bodi likatoka dogo. Baba alipoliona alicheka mpaka akakohoa.

"Hii itaruka kama chura," akasema.

Nilifurahi kumsikia anacheka, lakini kicheko sicho nilichokifuata Butiama. Nilirudi na kanuni ambayo sijaiacha mpaka leo: mchoro wowote, hata utoke kwa nani, unaanza kuupima tairi. Tairi halidanganyi.

Kisha siku moja yule mama wa Musoma akanipigia simu. "Kamanda, njoo. Kimeingia kimoja kinanuka oili."

Nilifunga banda nikaenda. Hakikuwa hata na jalada. Kilikuwa kitabu cha mafundi, cha kufundishia kulifungua lori lile na kulifunga, na kila ukurasa ulikuwa na alama za vidole vya watu waliolala chini yake kweli. Tumbo la gari lilikuwa limepigwa picha kipande kwa kipande, propela, difu, springi, tangi. Kuna picha ya mtu amesimama kando ya mlango, kwa hiyo hata urefu ulionekana. Kuna kebini kwa nje, na kebini kwa ndani. Nilitaka kumkumbatia yule mama, nikakumbuka heshima, nikamshukuru mara nyingi mpaka akanifukuza kwa kucheka.

Nililijenga lori lile kwa utulivu wa mtu anayejua anachofanya. Mahali pamoja tu ndipo nilipokisahihisha kitabu. Picha ya ndani ya kebini ilionyesha usukani upande wa kushoto. Nikacheka peke yangu. Hicho ni kitabu cha watu wa ng'ambo, nikasema, wao barabara zao zinakwenda kwa upande wao. Huku kwetu usukani ni kulia, uwe wa lori la pamba, wa basi au wa gari la mkubwa yeyote. Sikuwa na haja ya kumuuliza mtu. Nikaupeleka kulia, nikamchonga na dereva mdogo mwenye kofia, nikamkalisha nyuma yake. Kiti cha pili nikakiacha kitupu. Halafu nikaigandisha milango yote miwili. Kugandisha milango ndiyo sifa yangu: mshono wangu huuoni hata kwa kioo cha kukuzia.

Nikalipeleka Butiama kwenye boksi la viatu, na kitabu chini ya kwapa, ili Baba aone kwamba safari hii mwanawe amefuata elimu. Tulikuwa tumemaliza kula ugali. Alinawa, akajifuta mikono vizuri, akalipokea. Hakuanzia juu kama mara zile nyingine. Alilipindua akatazama tumbo.

"Hizi springi," akasema, "zilikuwaga zinalia usiku kucha."

Alikuwa hajapata kusema sentensi ndefu hivyo juu ya vita. Akaligeuza tena, akalisogeza karibu na jicho, akachungulia dirishani.

"Lori ndiyo hii," akasema. "Lakini huyu siyo mimi."

"Ni wewe, Baba. Huyo ndiye dereva."

"Mimi nilikuwaga nakaa kushoto. Zilikuja hivyo, usukani kushoto, na hakuna mtu alihamisha. Wewe umeniweka kwenye kiti cha mwenzangu."

Nilikifungua kitabu kwenye ukurasa wa kebini, na usukani ulikuwa palepale ulipokuwa siku nilipoucheka. Baba alivaa miwani. Kidole chake hakikwenda kwenye usukani. Kilikwenda kwenye kiti cha kulia, kikatulia hapo.

Mwenzake alikuwa mtu wa Guta, walikuwa wa umri mmoja. Kazi yake ilikuwa kutazama barabara na kushika bunduki, na kazi aliyojipa mwenyewe ilikuwa kumenya karanga. Alikuwa nazo kwenye kofia, mapajani. Anamenya, Baba ananyoosha mkono wa kulia bila kugeuza macho, anawekewa karanga kiganjani, anakula, safari inaendelea. Walikwenda hivyo tangu walipovuka mto Kagera mpaka ndani kabisa Uganda.

"Siku moja adui walitupiga kutoka vichakani, upande wa kulia," Baba akasema. "Nikakanyaga mafuta. Sikuangalia pembeni, dereva haangalii pembeni. Tulipotoka kwenye risasi nikasikia njaa. Nikanyoosha mkono, kama tulivyokuwaga tumezoea. Nikangoja."

Akanyoosha mkono wake wa kulia pale kwenye kochi, kiganja juu, magoti yake yakiwa yameelekea mbele kama ya dereva. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria, na kwa uso wake nikajua kwamba hata yeye ndiyo mara ya kwanza anasikia. Mimi nililia. Sijui kwa nini niseme vingine.

Baada ya kitambo nilimwomba Mama kisu na sindano. Nikaipasha sindano moto kwenye jiko, nikaung'oa usukani kupitia dirishani, nikaupeleka kushoto, kisha nikamhamisha dereva. Kazi yote niliifanyia palepale mezani, na Baba ameinama anatazama vidole vyangu.

"Na yeye nimchonge?" nikamuuliza.

"Hapana. Mwache." Akalitazama tena. "Ila mlango wake umeufunga."

"Nimeugandisha, Baba."

"Ufungue. Alikuwaga anauacha wazi kidogo, apate upepo. Mle ndani kulikuwaga na joto sana."

Nilipenyeza kisu kwenye mshono wangu usioonekana. Gundi niliyoisifu iling'ang'ania, kisha ukasikika mlio, na mlango ukatoka na kipande cha ubavu, plastiki nyeupe ikabaki wazi. Nilitaka kuupaka rangi. Baba akanizuia kwa mkono, akalichukua lori, akaliweka juu ya kabati chini ya picha yake, upande wa kulia ukitazama sebuleni.

"Sasa ndiyo hii," akasema, kisha akauliza kama ng'ombe wameshanyweshwa.