Mashahidi wa Mguu wa Zuwena

Saa mbili asubuhi, jua limeshapanda juu ya vilima vya Kizuka, na Zuwena binti Kassimu anakanyaga mawese kwa mguu mmoja. Amesimama ndani ya mtumbwi mkuukuu uliokwisha kazi ya ziwani, sasa wa kukamulia mafuta. Chikichi zilizochemshwa zinamfika kwenye kifundo. Mkono wa kushoto ameshika mti uliochimbiwa pembeni, na mguu wa kulia ameukunja juu ya ukingo, umefungwa kitambaa.

"Ninakanyaga kama korongo," anasema, na wanawake wenzake wanacheka kidogo, cheko la kumsitiri.

Zamani Zuwena alikuwa wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka. Kwa mitungi kumi ya mafuta alipata mtungi mmoja wake, na kwa siku njema ilitoka mitungi ishirini. Sasa hata mitano haifiki. Mumewe alifariki Gatete mwaka wa ndui. Hana shamba. Chakula chake chote kimetoka katika nyayo zake mbili, na sasa umebaki mmoja.

Yaliyompata yalimpata katika mteremko wa Kizuka, pale njia ya mafuta inaposhuka kwenda Rumonge. Gari la mkono la Bwana Mustafa, mfanyabiashara wa mafuta, lilikuwa limejaa mitungi. Gurudumu la kushoto likapasuka, gari likalala upande, kisha likaanza kushuka lenyewe. Zuwena alikuwa njiani, kichwani kapu la chikichi. Aliruka, ila mguu ulichelewa.

"Sikusikia maumivu," anasema. "Nilisikia mafuta ya moto yananimwagikia, nikasema masikini, mafuta ya watu. Kumbe ni damu yangu."

Siku ya tatu Mustafa alikuja kumpa pole. Hakuja peke yake. Alikuja na wazee wawili wa msikitini, kuku, na kitambaa kipya cha kaniki. Alimasi, fundi seremala anayemtengenezea magari yake, alikuwepo pia. Kadidja, anayekanyaga naye mtumbwi mmoja, ndiye aliyetandika mkeka na kuandaa uji wa wageni.

Wakakaa, wakaulizana hali. Mustafa akasema kwa sauti ya chini kwamba amekuja kuomba radhi. Na Zuwena, mwanamke aliyelelewa, mguu unamuuma hata machozi yanamtoka, alijibu kama wanavyojibu waliolelewa.

"Nimekuwia radhi, Bwana Mustafa. Mungu ndiye aliyeandika."

Mzee mmoja akainua mikono. Wote wakainua. Wakasoma Fatiha, wakaitikia amina, wakapangusa nyuso. Shauri likafungwa, kama linavyofungwa kwa watu wa pwani hii ya ziwa, iwe ndoa au ugomvi. Baada ya Fatiha, anayefungua neno hujichongea kwa watu na kwa Mungu.

"Nilidhani ni jeraha la wiki," anasema Zuwena. Halafu anachambua chikichi moja kwa kidole. "Laiti ningesema, ngojeni kwanza niutazame mguu. Maneno hayo machache tu. Nani angenilaumu?"

Wiki ikapita, ukaja mwezi. Mfupa ukaunga vibaya. Mganga wa mifupa wa Gatete alipouona alitikisa kichwa, akasema utasimama, lakini haukanyagi tena.

Ndipo ikaja habari kwamba Bwana wa boma la Usumbura, Mdachi, atashuka na mashua kusikiliza mashauri Rumonge, Jumatatu ijayo. Zuwena akaenda kwa karani aliyetangulia, akaeleza. Karani alimwambia taratibu, bila kumdharau: Bwana hapokei kilio. Anataka watu wawili walioona kwa macho, au anataka kitu cha kushika kwa mkono.

Basi akaanza kutafuta, kwa mkongojo, nyumba hadi nyumba.

Alama za magurudumu pale mteremkoni zilikwisha futwa na mvua. Gari lenyewe lilikuwa na gurudumu jipya, linang'aa. Vijana waliokuwa wakilisukuma walikwenda Kabonga kuvua, na aliyebaki alisema hakumbuki.

Akaenda kwa Kadidja. Kadidja aliona kila kitu. Ndiye aliyemvuta Zuwena kutoka chini ya gari. Lakini alikaa akitazama mikono yake.

"Dada, mimi nilisema amina," alisema Kadidja. "Na wewe ulisema amina. Unataka nikasimame mbele ya Mdachi niseme amina yangu ilikuwa ya uongo?"

Zuwena alikunywa maji, akashukuru, akaondoka. Anasema hakukasirika. Kinachomuuma ni kwamba angeulizwa yeye, angejibu vilevile.

Alibaki Alimasi fundi. Karakana yake iko karibu na ziwa, na siku ile alikuwa akiranda ubao wa kasia. Zuwena hakumzungusha. Alimuuliza kama lile gurudumu lilikuwa zima.

Alimasi aliendelea kuranda kwa muda mrefu. Mwishowe akasema lilikuwa na ufa tangu mfungo, na kwamba alimwonya Mustafa mara mbili, na Mustafa akamjibu kwamba litavumilia hadi mafuta ya msimu yaishe. Zuwena akamwomba aje ayaseme hayo Jumatatu.

"Haiwezekani, mama. Mikono hii iliinuka pamoja na ya wazee. Mimi sina kitu ya kusema pale."

Kisha akaweka randa chini, akaenda nyuma ya karakana, akarudi akiviringisha gurudumu la zamani. Ufa ulipita katikati, na ndani ya ufa palikuwa na nta na kamba, mahali ambapo mtu aliuziba ili usionekane.

"Hii ilikuwa ya kuni," alisema. "Chukua. Hii haikusoma Fatiha."

Gurudumu hilo sasa limeegeshwa ukutani nyumbani kwa Zuwena, limefunikwa kaniki ileile aliyopewa siku ya pole. Hataki walitazame wapita njia. Yeye mwenyewe hulitazama mara nyingi, anasema, na kila akiona ile nta moyo unapanda, na kila akikumbuka mkeka na mikono ya wazee moyo unashuka.

Anachotaka si kikubwa. Anataka Mustafa amweke kwenye banda lake la mafuta Rumonge, kazi ya kuchuja na kupima, kazi ya kukaa, hadi mwisho wa umri wake. Kwa mguu mmoja, anasema, mtumbwini atamaliza msimu huu tu.

Wapo waliomshauri akane. Aseme maumivu yalimchanganya, hakujua anachosema. Anakataa, anatikisa kichwa huku bado anakanyaga.

"Nilijua. Nilisema kwa kinywa changu, na nilimaanisha siku ile," anasema. "Jumatatu nitamwonyesha Bwana gurudumu. Akiniuliza kama nilisamehe, nitasema ndiyo, nilisamehe. Halafu nitanyamaza, nione kama iko mahali pa mtu aliyesamehe na bado ana njaa."

Anashusha mkono kwenye mti, anahama hatua moja, na chikichi zinapasuka chini ya unyayo wake wa kushoto.