Bi Jawahir Achunguza Posa Mbili

Bi Jawahir wa Kuze haposi wala haposwi, lakini mtaani kwetu hakuna posa inayojibiwa kabla yeye hajauliza. Akitajiwa kijana, huvaa buibui akazungukia majirani wa kijana huyo, akarudi na habari zote: anaswali wapi, mamake anamjibu vipi. Mimi alinikosesha mume, nikamnunia miaka miwili. Baadaye nilimwona mke aliyeolewa na bwana yule alivyokonda kwa mateso, nikamshukuru Bi Jawahir.

Mwaka huu mjukuu wake, Sumeiya, alikubaliwa na vyuo vikuu viwili vinavyosifika, kimoja Uingereza, kimoja Marekani, na ufadhili kamili kote. Jibu lilitakiwa Ijumaa. Sumeiya akamwonyesha bibi picha za majumba na nyasi.

"Picha nzuri hata bwana harusi mbaya anazo," akasema bibi yake, akaniita niwapigie simu watoto wa Kuze waliosoma huko.

Ziad, wa Uingereza, alisifu: kila wiki mwalimu hukaa na wanafunzi wawili tu, akaipitia insha yako mstari kwa mstari hadi jasho likutoke. Maisara, wa Marekani, alisema huko unaonja masomo mwaka mzima kabla ya kuchagua, ila kila mtu ana haraka. Akikuuliza hali hangoji jibu.

Kila mmoja Bi Jawahir alimuuliza swali la mwisho. "Ulipougua, ni nani alokuletea uji?"

Ziad akajibu, "Nilijifungia chumbani, bibi. Siku nne."

Maisara alicheka. "Naomi, nilokuwa nikikaa naye chumba kimoja. Uji haujui, akaniletea supu ya kopo."

Najua alichokitaka yule mzee. Alitaka kila chuo kiwe na aibu, ili mtoto aliyemlea tangu ana miezi sita asiondoke. Uongo mmoja ungetosha, na mimi ningemfichia siri. Lakini kwa miaka arubaini hajapeleka habari ya uongo kwenye posa. Akamwita Sumeiya, na uso wa bibi ulinitia huruma.

"Enda huko kwa Maisara," akasema. "Ni supu ya kopo, lakini ililetwa."

Sumeiya alimshika mkono. "Na wewe bibi, ukiugua, uji atakuletea nani?"

"Anayeposwa siku ya yeo si mimi."

Nilitaka kusema nitauleta mimi, badala yake nikainuka, nikaenda jikoni kutazama kama unga wa uji upo.