Jumamosi za Kilimambogo

Matumbo ya ng'ombe yaliyochemshwa na unga wa mahindi yalikuwa na harufu isiyotoka nyumbani kwetu. Ilikaa kwenye blanketi, kwenye nywele zangu, hata kwenye gauni la kanisani. Kilikuwa chakula cha mbwa. Baba aliwatunza mbwa wa mzungu mmoja mwenye shamba la katani nje ya Thika, karibu na mlima Kilimambogo, na kila Jumamosi asubuhi aliwapandisha mlimani wakanyooshe miguu. Walikuwa wanne, wakubwa, na kiongozi wao aliitwa Rova. Mwaka niliotimiza miaka kumi, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, baba alianza kunichukua twende pamoja.

Majirani walikuwa wameshaacha kutusalimia. Msituni kulikuwa na watu waliokimbia kukamatwa, na kambi nzima ya wafanyakazi iliamini kwamba baba anawafundisha wale mbwa kuwinda binadamu. Mama akifika kwenye mfereji, wanawake waliinua madebe yao wakaondoka. Hawakusema neno, kwa sababu siku zile hukujua neno lako lingefika kwa nani. Mama naye alikuwa na lake moyoni. Mdogo wake, mjomba Njoroge, alikuwa ametoroka Ruiru alikofanya kazi kwenye kiwanda cha kahawa, na hatukujua aliko. Jioni moja nilimkuta mama amepindua sanduku zima la nguo.

"Shati la Njoroge liko wapi?" alimwuliza baba. "Lile zito aliloliacha hapa."

"Sijui," baba alisema, akiendelea kukoroga sufuria ya mbwa.

"Mbwa hupewa nguo ya mtu wainuse kwanza. Si ndivyo?"

Baba aliiepua sufuria akatoka nayo nje. Tangu siku hiyo mama alihamia kitandani kwangu.

Nami nikaanza kumshuku baba. Mlimani nilitembea nyuma yake nikiuangalia mfuko wa turubai ambao hakuniruhusu kuugusa. Njia ilipita kwenye nyasi zilizonifika kifuani, umande ukanilowesha mpaka kiunoni, kisha ikaingia chini ya miti mahali penye baridi na harufu ya nyati. Nilimwuliza kwa nini ananileta. Akasema, "Mtu anayetembea na mtoto haulizwi maswali mengi." Jibu hilo lilinitia hofu zaidi.

Jumamosi ya nne au ya tano, Rova alivuta kamba kwa nguvu kuelekea kichakani, na matawi yakatikisika. Nilijua wamempata mtu. Nikapiga kelele, "Kimbia! Kimbia!" Baba aliniziba mdomo kwa kiganja chake. Kichaka kikafunguka, akatoka mtu mwembamba, nywele zimesokotana, amevaa lile shati zito. Mbwa walimrukia, wakamlamba mikono. Alikuwa mjomba Njoroge. Baba alifungua mfuko akatoa nyama na ugali, na mjomba akala akiwa amesimama, bila kutafuna vizuri, akiwatupia mbwa mifupa.

Tulipokuwa tukishuka, baba aliniambia, "Mama yako asijue."

"Lakini analia kila siku, baba."

"Akijua, uso wake utachangamka, na watu watauona. Umesikia?"

Nilisikia. Kwa miezi kadhaa nilimtazama mama akimwekea baba chakula bila kumwangalia usoni, nami nikanyamaza.

Kisha askari walikuja kusaka mlima, na baba akaamriwa kuwaongoza mbwa. Walirudi siku ya pili mikono mitupu. Lakini yule mzungu mwenye shamba alikuwapo, na aliona Rova akivuta upande mmoja na baba akimburuta upande wa pili. Asubuhi iliyofuata baba alichukuliwa kwa gari, akapelekwa kizuizini. Mama alisimama mlangoni, mikono kifuani, akasema, "Afadhali."

Neno hilo lilinishinda. Nilimvuta ndani nikamwambia yote. Alikaa chini sakafuni, akanitazama kwa muda mrefu kana kwamba mimi ni mtoto wa jirani.

"Miezi yote hiyo," alisema, "ulikuwa unaniangalia tu?"

Mjomba alishuka msituni akiwa hai. Baba alirudi baada ya miaka miwili, amekonda, na mama alimwosha miguu kwa maji ya moto. Walizeeka pamoja kwa amani. Kwangu mimi haikuwa rahisi hivyo. Mpaka anakufa, mama akisikia habari yoyote kutoka kwangu, aliwauliza na ndugu zangu kama ni kweli.

Siku hizi ninaishi Ngoingwa, hapa hapa Thika. Wajukuu wangu wana mbwa wawili wanaowafunga kamba za rangi, na asubuhi za Jumamosi huwapeleka vilimani, wakabeba chakula cha kuwatosha, wala hakuna anayewauliza wamebeba nini. Wakirudi huanza kusimulia kabla ya kuvua viatu: nani alianguka, nani aliogopa, nani alikataa kuwagawia wenzake chapati yake. Mama yao huwaambia wananichosha. Mimi humwambia awaache, waseme mpaka waishiwe.