Nilivyoipaka ngozi ya maabara mafuta ya nazi (Laurel, Maryland)

Wakuu, heshima kwenu. Hili sitii chumvi, limenikuta mwenyewe.

Mimi ni dada wa Tanga, naishi Hyattsville, napiga kazi kwenye maabara moja huko Laurel. Tunatest kibao chenye spika ndogo ndogo zinazotoa sauti ambayo sikio halisikii.

Ukiweka kiganja juu kidogo, unahisi kitu kinakutekenya, na hakuna kilichokugusa! Siku ya kwanza nilisema astaghfirullah.

Sasa huwezi kushikilia mkono wa mtu pale kutwa nzima. Kwa hiyo tuna ngozi bandia ya gelatini, laini kama halua, na laser inapima inavyotetemeka.

Mpishi wake ni Papa Safari, mzee wa Bukavu, mtaratibu mno. Mimi nazipanga na kuandika vipimo.

Winter hii vipimo vikagoma. Asubuhi ngozi zinatetemeka vizuri, jioni zimekaza, hazishtuki. Bosi akasema Papa anakosea mixing, Ijumaa ndiyo mwisho wake.

Mzee akaniambia tu, "Mama, mi napimaka muzuri kila siku, kweli." Iliniuma sana.

Ila ngozi moja kati ya zile sita, namba sita, ilikuwa inatetemeka vilevile asubuhi hadi jioni. Wote wanashangaa. Mimi kimya kama maji ya mtungini, maana najua.

Nilikuwa nimeipaka mafuta ya nazi. Jamani! Nilitoka kujipaka mikono, nikaiona imepauka kwa joto la heater ya maabara, mkono ukaenda wenyewe. Ndivyo nilivyolelewa. Na kugusa sample ni marufuku, ukigusa unaweza kufukuzwa.

Alhamisi nikaenda kwa bosi, nikamwaga yote. Alinikodolea macho weee!

Kesho yake akapaka tatu mafuta, tatu akaziacha hivyo hivyo. Jioni zilizopakwa zinacheza, nyingine zimekaza. Kumbe zilikuwa zinakauka maji, mixing haina kosa.

Nikapewa warning ya maandishi, nimeipokea kwa mikono miwili. Papa Safari yupo mpaka leo, na kupaka mafuta sasa ndiyo kazi yake.

Funzo: ukijua la kumwokoa mwenzio, liseme hata kama litakuunguza.

Bosi aliniuliza, kilichokutuma kuipaka ni nini? Nikamwambia, wewe ungemwacha mwanao aende shule amepauka?

Haya, ninyi mngesema au mngenyamaza? Nisemeni tu, ngozi yangu ngumu.