Matanga ya Kirewa na Kisima Kilichofungwa

Mimi si mtu wa safari. Kazi yangu ni kuuza viatu vya mtumba Busia, upande wa Kenya, na nikifunga kibanda siku moja wateja huhamia kwa jirani. Lakini jioni moja Owori, mume wa mdogo wangu Nabwire, alinipigia simu kuniambia kwamba Athieno, mtoto wao wa pekee, amefariki kwa kuhara na kutapika. Mazishi yangekuwa kesho yake. Nilikaa chini papo hapo, katikati ya viatu.

Alfajiri nilivuka mpaka kwa miguu kuingia Uganda, nikapita kando ya malori yanayongoja forodha, kisha nikapata gari la Tororo na lingine la Nagongera. Ilikuwa siku ya soko. Watu walikuwa wakibishana bei ya kuku na kucheka, nami nikawachukia wote. Mwenye bodaboda niliyempata alijua mara moja ninakokwenda.

"Kwa ile mtoto," akasema. "Pole, mama."



Kijijini kwao Kirewa nilimkuta Nabwire ameketi sakafuni kando ya mwili, macho makavu. Nje waombolezaji walijaa juani, na hakuna aliyepewa hata kikombe cha maji. Koo langu lilikuwa vumbi tupu. Nilipoomba maji, mama mkwe wake alinivuta pembeni.

"Leo maji hapana. Nabwire amekataza."

Nilipandwa na hasira. Kwetu mtu hanyimwi maji, sembuse matangani. Nikarudi ndani nikamwambia mdogo wangu kwamba anatuaibisha.

"Dada, yaliyo kwenye mtungi ni ya kijito," akanijibu polepole. "Ndiyo yaliyomuua. Kuni za kuwachemshia watu wote hawa hatuna. Basi hakuna atakayeyanywa katika kilio cha mtoto wangu."

Owori ndiye aliyenieleza mengine. Shule ya pale ina kisima cha pampu, kilichochimbwa kwa jasho la walimu na wazazi. Siku za masomo kila mwanafunzi hurudi nyumbani na jerikani ya maji safi, na magonjwa ya tumbo yalikuwa yamepungua sana. Lakini wezi waliwahi kung'oa mkono wa pampu wakauuza kama chuma chakavu. Tangu hapo, shule ikifungwa, pampu hutiwa mnyororo na mwalimu huondoka na ufunguo. Likizo ikianza, kijiji kizima hurudi kijitoni. Asubuhi hiyo walikuwa wamemtuma mtu kumfuata mwalimu huyo kwao.

Wazee walinung'unika, na wengine wakaondoka. Niliketi karibu na Nabwire nikamshika mkono.

Mchana wanafunzi walitokea njiani wakiwa na nguo za nyumbani, jerikani vichwani, na mwalimu huyo, Okoth, nyuma yao. Walipita katikati ya watu wakimimina maji vikombeni. Tulikunywa, kisha tukamzika Athieno.

Baada ya mazishi mwalimu alikuja kutoa pole. Nabwire alimtazama usoni.

"Mwalimu, kufungua ule mnyororo kumechukua muda mrefu?"

"Hapana, mama. Kidogo tu." Aliinamisha kichwa. "Tuliogopa wezi. Ile mara ya kwanza waliiba, watoto yote ilirudi kunywa ya kijito."

"Na wangu alikunywa ya wapi?"

Mwalimu alitoa ufunguo mfukoni akauweka mkononi mwa Nabwire. "Likizo hii kaa nayo wewe. Kamati ya shule nitaiambia mimi."

Niliona ni ukatili kumtwika mama aliyefiwa mzigo kama huo, na bado naona hivyo.

Asubuhi iliyofuata, nikirudi, nilimwomba mwenye bodaboda apitie shuleni. Nilikuwa nimewaza usiku kucha. Sisi pia tuna visima tunavyovilinda kuliko tunavyowalinda wanywaji, na hilo ndilo nililotaka watu wa nyumbani walisikie kutoka safari hii.

Mnyororo ulikuwa chini. Wanawake walikuwa wamepanga foleni, na Nabwire ndiye aliyekuwa akipiga pampu, akiwajazia mmoja baada ya mwingine. Niliona hana jerikani. Nikamuuliza yake iko wapi.

"Iko nyumbani," akasema, bila kuacha kupiga. "Acha wenye watoto wachote kwanza."