Nilivyofuata Maji Kutoka kwa Mtawa

Shida zangu zilianza mwaka 1968, nikiwa na miaka kumi na moja. Baba alifariki, shule nikaiachia darasa la tatu, nikaanza kubeba mikungu ya ndizi kichwani, kuteremka nayo mpaka soko la Kwa Sadala na kupanda tena. Miguu mitupu. Watoto wa shule walikuwa wanacheka nyufa za visigino vyangu. Nikaapa mambo mawili: nikipata gari, mlima sipandi tena kwa miguu, na hakuna mtu atakayeniona tena bila viatu. Gari nilipata. Viapo nilivishika mpaka kiangazi cha mwaka jana.

Mimi naishi kwa kitalu cha miche ya kahawa. Kitalu kinanyweshwa na mfongo, yaani mfereji waliouchimba babu zetu kutoka mtoni huko juu, na kila ukoo una zamu yake. Kiangazi hicho zamu yangu ikafika, maji hayakuja. Zamu iliyofuata yakaja matope. Miche ikaanza kukunja majani, na watu walikuwa wameshaagiza ile miche kwa ajili ya masika.

Kijana tuliyemtuma juu kuangalia alirudi akasema maji yanaishia kilimani, kwenye hekalu la Wabuddha. Ni kijumba cha bati jekundu, anakaa mtawa mmoja kutoka ng'ambo, anajifunga shuka la rangi ya chungwa. Vijana wa koo zetu wakataka kwenda na mapanga. Nikawaambia mimi ndiye mkubwa wa mfongo, nitakwenda mwenyewe. Nikachuma jani la isale, lile tunalopanda mipakani, nikalifunga fundo. Kwetu ukimpelekea mtu isale unaomba amani, na hawezi kukukatalia. Lakini mgeni atajuaje? Akilicheka je? Nikirudi mikono mitupu, vijana watapanda, na damu itamwagika kwa ajili ya miche yangu.

Mke wangu ndiye aliyeendesha pikapu, maana macho yangu siku hizi hayafai. Tulipofika korongoni tukakuta daraja limeoza, limebaki la kupita mtu tu. Akazima gari.

"Shuka, mbe, mzee wangu. Ulipokuwa unanichumbia ulikuwa unaupanda huu mlima unapiga mluzi."

"Wakati huo huko juu ulikuwepo wewe."

"Sasa huko juu yako maji. Shuka."

Tulipanda wote wawili, mimi nikisimama kila penye kisiki. Magoti yalikuwa yanalia, lakini moyo ulinisumbua kuliko magoti. Pembeni yetu mfongo ulikuwa mkavu, umepasuka.

Mlangoni mtawa alitupokea kwa kuinama, kisha akaonyesha viatu vyetu. Mke wangu akavua palepale.

"Mimi nitasubiri nje," nikasema.

"Na miche nayo isubiri?"

Nikavua. Nilitembea mle ndani nimekunja vidole kama mwizi. Ndipo nikaona miguu ya mtawa. Visigino vyake vilikuwa vibaya kuliko vyangu.

Nikampa isale. Akalipokea kwa mikono miwili, akatabasamu, akasema, "Zuri, asante," akalichomeka kwenye glasi ya maua mbele ya sanamu. Basi. Akatuonyesha mkeka tukae.

"Amelifanya ua," mke wangu akaninong'oneza.

Sikujua nimekubaliwa au nimepamba nyumba ya watu. Kiswahili chake kilikuwa kimeishia pale, na mimi Kiingereza changu hakijawahi kuanza.

Mpishi wake, mama wa huku huku kwetu, akaingia na chupa ya chai. Akatuamkia shikamoo, kisha akaiona ile glasi, akasimama.

"Nani ameleta isale?"

"Mimi."

"Kwa lipi, mzee?"

"Kwa maji."

Akaweka chupa chini, akamweleza bosi wake kwa Kiingereza. Mtawa akabadilika uso. "Anasema alidhani ni kijito tu, hakina wenyewe," mama akatuambia. "Amechimba bwawa apande yungiyungi, maua ya kuweka hapa mbele." Kabla hajamaliza, mtawa alikuwa ameshatoka nje, amepandisha shuka, yuko ndani ya tope anang'oa magogo ya mgomba aliyozibia mfongo. Maji yakaruka.

Hapo hofu ikaanza upya. Maji yasiyo na mtu wa kuyafuata, kiangazi kile, hayafiki mbali. Kila shamba lingeyakata. Nikamwachia mke wangu gari, nikayafuata kwa miguu, hatua kwa hatua, nikiwaambia wenye majembe kando ya mfongo, "Hii ni zamu yangu." Mmoja akaniangalia miguuni.

"Mzee, viatu viko wapi?"

Nikatazama. Nilikuwa nimevisahau mlangoni kwa mtawa.

"Vinakuja na gari," nikamwambia, nikaendelea kushuka. Maji yalikuwa hayanisubiri.

Mimi na maji tulifika kitaluni pamoja jioni. Miche mingi ilipona, iliyokuwa pembeni ilikufa. Mtawa tulimpa zamu yake, kama ukoo mwingine wowote.

Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma. Pikapu moja. Ng'ombe wawili wa maziwa na ndama. Shamba la migomba na kahawa. Kitalu cha miche, na zamu ya maji. Mke mmoja. Viatu jozi tatu.